Nilivyolipeleka Jina la Nokuthula Japani

Hapana, sikufukuzwa Japani. Naanza na hilo kwa sababu nimelisikia mara tatu wiki hii: saluni, kanisani, na kwa binti yangu Neema, ambaye aliambiwa na mtu anayejifanya anajua. Pia sikumpiga mtu, sikulia mbele ya mabosi, na sikuomba msamaha. Ninyi wa kwaya mmeniuliza kwenye kundi letu nini kilitokea, na sauti ya simu haitoshi, kwa hiyo nimeandika. Ya viza na makaratasi nayaruka. Kila mmoja wetu hapa Durban anayajua makaratasi kuliko anavyozijua zaburi.

Kwa wasiojua kazi yangu, ninashona vifuniko vya viti vya magari katika karakana moja kule Jacobs, huu mwaka wa tisa. Magari ni ya Kijapani, na ukutani kwetu kuna maneno ya Kijapani yaliyopakwa rangi nyekundu. Neno kubwa kuliko yote ni MUDA. Msimamizi wetu, Bwana Desmond, akimwona mtu amesimama hupaza sauti, "No muda! No muda!" Miaka miwili mizima nilidhani amejifunza Kiswahili kidogo ili atuambie hakuna muda, na nilimpenda kwa hilo. Kumbe kwa Kijapani muda ni hasara, kitu kinachopotea bure.

Mwezi wa pili, kile kizuizi cha mbele cha mashine ya kukatia ngozi, kinachokinga mkono, kilivunjika. Aliyekuwa kwenye mashine hiyo ni mwenzangu Nokuthula. Alienda kusema. Akaambiwa amalize oda kwanza, kwa sababu kusimamisha mashine ni muda. Saa nne asubuhi mashine ikamkata vidole viwili kwenye kiungo cha kwanza. Mimi ndiye niliyemfunga mkono, kwa kitambaa cha kiti. Pale mlangoni tuna ubao unaohesabu siku tulizokaa bila ajali. Kesho yake namba haikurudi sifuri. Iliongezeka moja.

Halafu watu wa Japani, wanaotupa kazi, wakaomba tuwapelekee msimamizi mmoja na mshonaji mmoja kwa wiki tatu. Nikachaguliwa mimi. Nokuthula, ambaye siku hizi anafagia kwa sababu hawezi kushika ngozi, aliniambia tukiwa kwenye foleni ya taxi Warwick, "Useme au usiseme, mimi sikulazimishi. Ila ukisema, usiseme kuna mtu mmoja aliumia. Mimi si mtu mmoja. Mimi ni Nokuthula."

Durban hadi Johannesburg

Ndege yetu ya kwanza ilikaa saa tatu na nusu bila kuruka. Johannesburg kulikuwa na radi na mvua ya mawe. Tulikaa ndani mikanda ikiwa kiunoni, mtoto mmoja nyuma yetu akiimba wimbo uleule, na Bwana Desmond akafungua mkate wa mayai aliofungiwa na mke wake, akanikatia nusu.

Mnielewe, Desmond si shetani. Nilipokuwa kibarua wa siku, ni yeye aliyegombana na ofisi mpaka nikaajiriwa moja kwa moja. Mume wangu alipofariki, alikuja kwangu Point, akapanda ngazi za ghorofa zote nne lifti ikiwa imekufa, akakaa na sisi kwenye mkeka. Ndiyo maana maneno yake yalinichoma.

"Mama," aliniambia akitafuna, "wale watu wana gari jipya linakuja. Viti vyake vinaweza kuwa vyetu, vinaweza kuwa vya wengine. Watu sitini wanakula pale karakanani. Wakisikia habari ya Nokuthula, kazi inaenda kwingine. Unanielewa?"

"Nimesikia," nikasema.

"Kwa hiyo tuko sharp?"

"Nimesikia, Bwana Desmond."

Aliridhika, akalala. Mimi sikulala. Niliwafikiria wale sitini, na mimi mwenyewe ni mmoja wao.

Doha, siku isiyokuwa kwenye ratiba

Kwa sababu ya mawe ya Johannesburg tuliikosa ndege ya Osaka, tukabaki uwanja wa Doha karibu siku nzima. Desmond alipata kiti cha kulalia. Mimi nilizunguka mpaka miguu ikavimba, nikaketi karibu na vyoo vya wanawake, nikaanza kusali kwa sauti ndogo.

"Mama, unaomba kwa Kiswahili?" Alikuwa msichana wa usafi, mwenye kitambaa cha bluu mkononi. "Wewe ni wa wapi?"

"Ya Uvira. Lakini naishi Durban."

"Mimi ni wa Kisii. Moraa." Akacheka. "Ati *ya Uvira*! Na umekula?"

Nikasema nimekula, kwa adabu. Aliniangalia kama mama mkwe anavyomwangalia bibi arusi mwongo. Saa ya mapumziko alirudi na kopo lake la maharagwe na chapati mbili baridi, tukala kwa mkono nyuma ya nguzo. Nilipomwambia ninakokwenda na kwa nini, aliuliza swali moja tu: "Na wewe ukikatwa kidole, nani atakusema?" Akafunga kopo, akaenda kusugua masinki.

Osaka hadi Nagoya

Aliyetupokea alikuwa mkalimani wetu, Bi Aoki, msichana mwembamba mwenye Kiingereza safi na viatu visivyotoa sauti. Kiwanda kiko mji mdogo ng'ambo ya Nagoya, kwa hiyo tulipanda treni kubwa, kisha ndogo. Kwenye kituo kulikuwa na duka lenye wanasesere wa yule mnyama mkubwa mwenye manyoya, anayelala msimu wote wa baridi. Jina lake la Kijapani Aoki alilitamka mara nne kwa furaha. Siliandiki hapa, kwa Kiswahili ni tusi, na mchungaji yumo kwenye kundi hili.

Treni ndogo ilisimama njiani dakika kumi na moja. Sauti ya kondakta ilitoka kwenye spika ikiomba msamaha, ikanyamaza, ikaomba tena. Tulipofika, mfanyakazi wa kituo aliyevaa glavu nyeupe alikuwa mlangoni akigawa vikaratasi.

"Vya nini?" nikamwuliza Aoki.

"Ni ushahidi kwamba treni ilichelewa. Unampa bosi wako, ajue kosa si lako."

Nilikichukua changu nikakitazama sana. Dakika kumi na moja zimeandikwa na kupigwa muhuri, na vidole viwili vya mtu haviko kwenye karatasi yoyote.

Aoki alinifundisha kwamba neno alilokuwa analirudia kondakta ni *meiwaku*, ule usumbufu unaomletea mwenzako. Mtoto wa Kijapani analisikia kabla hajaota meno yote: usilete meiwaku. Nililijua kwa vitendo dakika hiyohiyo, kwa sababu Neema alipiga simu nami nikapokea kama tunavyopokea sisi. "Allô! Mwanangu! Iko namna gani huko?" Watu wote wa kituo wakatazama viatu vyao. Aoki akanigusa mkono wa koti. Nilipunguza sauti, lakini sikukata. Siku mbili nilikuwa sijamsikia mwanangu, na viatu vyao havikuwa na haraka.

Kiwandani

Kwenye lango la kiwanda kuna ubao kama wa kwetu, na Aoki alinisomea: siku kadhaa bila *jiko*.

"Bila jiko? Kwa nini, hampiki?"

Hapo tukacheka mpaka mlinzi akachungulia. Kwa Kijapani jiko ni ajali. Lakini nilipoangalia namba nikaacha kucheka. Ilikuwa kumi na tisa.

"Kumi na tisa tu? Kiwanda kikubwa hivi?"

"Mtu aliteleza kwenye ngazi, akateguka mguu," akasema Aoki. "Wakaanza upya."

Nikamtazama Desmond. Alikuwa anafunga kamba ya kiatu.

Ndani, juu ya kila mshonaji inapita kamba. Siku ya pili kijana mmoja aliona mshono wake umepinda, akaivuta, muziki mdogo ukalia na mstari wote ukasimama. Nilijikunja nikisubiri matusi. Mkuu wa mstari alikuja mbio, mama wa miaka sitini na zaidi aliyeitwa Bi Hatsue, akainama juu ya ule mshono, akamwambia kijana asante. Wakarekebisha, kazi ikaendelea.

Mwalimu wetu, mhandisi mzee, alikuwa akitufundisha habari za muda. Kungojea ni muda, kutembea bure ni muda, kutengeneza kitu kibovu ni muda. Nikanyoosha mkono.

"Kusimamisha mashine ili utengeneze kizuizi cha mkono, hiyo nayo ni muda?"

Aoki akatafsiri. Mhandisi akamwomba arudie. Akarudia. Mzee akamwuliza kama ana hakika na tafsiri yake, maana swali lilikuwa halimwingii kichwani. Mwisho alinijibu kwa upole, kama mtu anayemjibu mtoto, kwamba hapana. Muda ni ile mashine mbovu inayoendelea kutembea.

Desmond alikuwa anaandika kwenye daftari lake. Nilichungulia. Alikuwa anachora miraba.

Samaki wadogo

Msidhani nimerudi kuwasifia Wajapani. Nawaambieni na upande wa pili.

Tulilala kwenye mabweni ya kiwanda. Chakula kilikuwa wali mweupe, supu, na maharage fulani yaliyooza makusudi, yanayovutika kama gundi. Mimi nimekula vingi maishani, vingine porini, lakini hayo yalinishinda. Jumapili nikatoa unga wangu wa fufu na ndagala wakavu nilionunua kwa mama zetu hapa mjini, nikapika. Bi Hatsue, anayekaa jirani na mabweni, alikuja na Aoki kunisalimia. Nikamkaribisha. Akakataa. Nikamkaribisha tena, akakataa huku akiinama. Aoki akanieleza kwamba hiyo ni *enryo*, mtu anajizuia ili asikulemee.

"Mwambie kwetu mgeni hakatai," nikasema, nikamwekea sahani mbele.

Alipoonja ndagala, akafungua macho. Wao nao wana samaki wakavu hivyohivyo, wadogo hivyohivyo, wa kukolezea supu. Alikula wote, na vichwa.

Ndipo nikamwuliza yeye ameivuta ile kamba mara ngapi katika maisha yake ya kazi. Alifikiri sana.

"Nilipokuwa msichana, haikuwa rahisi," alisema kupitia Aoki. "Ukivuta, wenzako wote wanasimama kwa ajili yako. Ni meiwaku. Niliwahi kushona siku nne nikiwa na homa. Walinisifu. Tunaita *gaman*." Akanyoosha mgongo. Nilimwona anajivunia.

"Gaman ni nini?"

"Kuvumilia bila kuonyesha," akasema Aoki.

Hapo nikapandwa na hasira, na sikuificha. Nikamwambia, "Mama, mimi nimetembea kutoka Uvira na mtoto mgongoni. Nimelala kwenye korido ya watu miezi saba. Kuvumilia sifundishwi. Lakini maumivu yangu nayavumilia mimi. Nani aliyemruhusu bosi amvumilie mwenzangu maumivu yake?"

Aoki alitafsiri polepole. Bi Hatsue aliinamisha kichwa. Alipanga makombo ya fufu ukingoni mwa sahani, moja moja. Kisha akauliza, "Mwenzako yupi?"

Sikumwambia. Kusema kweli nilikuwa bado nawaogopea wale sitini.

Kikao

Siku ya mwisho tuliitwa chumba cha juu. Wakuu sita upande mmoja, sisi wawili upande wa pili, Aoki kwenye kona ya meza, na wakuu wa mistari wamekaa ukutani, Bi Hatsue akiwa mmoja wao. Desmond alionyesha picha za karakana yetu. Alizungumza vizuri, alipendeza. Kisha ikaja picha ya ubao wa mlangoni kwetu na ile namba yake ndefu, na wakuu wote sita wakanguruma kwa heshima. Yule mkubwa kabisa akaanza kupiga makofi.

Sikuwa nimepanga. Nawaambia kweli mbele ya Mungu, nilikuwa nimepanga kunyamaza. Lakini yale makofi yalinisimamisha.

"Hiyo namba ni uongo," nikasema kwa Kiingereza.

"Mama, keti," akasema Desmond taratibu.

"Mwezi wa pili mashine isiyo na kizuizi ilimkata mwenzetu vidole. Alisema mapema kwamba imevunjika. Aliambiwa kusimama ni muda."

Wote wakamgeukia Aoki. Alisema maneno machache, machache mno, na wakuu wakatikisa vichwa bila wasiwasi. Hata bila Kijapani nilijua maneno yangu yamepunguzwa.

"Umewaambia nini?"

Akawa mwekundu. "Nimesema kulikuwa na tatizo dogo la mashine. Tafadhali, Mama. Unaiharibu hewa ya chumba hiki..."

"Hewa waiache. Tafsiri nilichosema, chote."

Akainamia karatasi zake. Basi nikainua mkono wangu wa kulia juu ya meza, nikakunja vidole viwili kwenye kiungo cha kwanza, nikauzungusha ili kila mtu auone.

Kutoka ukutani Bi Hatsue akapaza sauti, "Nani?"

"Nokuthula!" nikajibu. "Anaitwa Nokuthula. Ana miaka thelathini na minne, ana watoto wawili, alikuwa mkata ngozi hodari kuliko wote, na sasa anafagia!"

Baadaye Aoki alinieleza kwamba kwa Kijapani *nani* maana yake ni "nini?". Yule mama alikuwa ameshtuka tu. Mimi nikamjibu kama Mswahili aliyeulizwa nani. Lakini jina lilikuwa limeshatoka, na Aoki, machozi yakimlengalenga, akaanza kutafsiri upya tangu mwanzo. Safari hii ilikuwa ndefu. Mkubwa wao aliondoa mikono mezani. Alimwomba Aoki aandike jina kwenye ubao mweupe, kwa herufi zao, na alilitamka mara mbili ili asilikosee. Kisha akanitazama akasema, "Hai."

Tulitoka. Kwenye ngazi nikamwambia Aoki, "Amekubali. Amesema ndiyo."

"Hapana, Mama. *Hai* si lazima iwe kukubali. Maana yake ni, nimesikia."

Nikaketi pale pale kwenye ngazi, nikacheka peke yangu. Na Desmond, kule kwenye ndege, nilikuwa nimempa hai.

Kurudi

Njia nzima ya kurudi Desmond alijifanya amelala. Tulipotua Durban, akiwa ameshika sanduku lake, alisema, "Nilikuja msibani kwako."

"Ulikuja," nikasema. "Na wala sijasahau. Lakini hospitalini kwa Nokuthula hukwenda."

Akaondoka bila kuaga.

Mengine mmeyasikia nusunusu, haya ndiyo kamili. Kizuizi kipya kilikuwa kimeshafungwa kwenye mashine kabla sisi hatujatua, kwa sababu barua ya Japani ilitutangulia. Ajali ya Nokuthula imeandikwa, na fomu zake za fidia zimepelekwa. Ubao wa mlangoni umeng'olewa kabisa. Gari jipya bado hatujui ni la nani, na wako wenzangu wasionisalimia. Siwalaumu, lakini siinamishi kichwa. Mimi nimehamishwa kwenye kufunga maboksi.

Na Mama Solange, umeniambia mbele ya kwaya nzima, "Weye iko na shida gani? Waliomba sahihi tu, ungesaini, bon, maisha iendelee." Kwa hiyo nakueleza wewe hasa nilichoombwa nisaini.

Waliniita ofisini Alhamisi. Alikuwepo mama wa ofisi ya wafanyakazi, na Desmond, macho kwenye meza. Karatasi ilisema kwa Kiingereza kizuri kwamba kule Japani nilitoa maelezo yasiyo sahihi kutokana na ugumu wa lugha, na kwamba ninasikitika.

"Hapa hakuna anayekulaumu, Mama," akasema yule mama kwa sauti laini. "Kiingereza si lugha yako. Kijapani si lugha yako. Mtu anaweza kuelewa vibaya. Saini, tuyamalize."

Nilisoma ile karatasi tangu juu hadi chini, halafu nikairudia.

"Sisaini."

"Unakataa?"

"Nakataa."

"Basi andika hapo chini kwamba umekataa, kwa ajili ya faili."

Nikachukua kalamu. Mahali pa sahihi nikaandika kwa herufi kubwa, kwa Kiswahili, nikamsukumia karatasi. Aliiangalia, akampa Desmond, Desmond akaiangalia, akamrudishia.

"Hii inasema nini?"

"Tafuteni mtu awatafsirie," nikasema, nikachukua mkoba wangu nikarudi kwenye maboksi yangu.

Niliandika: NILIELEWA KILA NENO.